Wiki Moja ya Masomo ya Kuchimba: Lugha na Hisabati kwa Watoto wa Miaka 8 hadi 10

Karibu, mwalimu. Karibu nawe mzazi unayemfundisha mtoto nyumbani. Katika video hii tunapanga wiki nzima ya masomo ya ziada: siku mbili za hisabati, siku mbili za lugha, na Ijumaa tunayaunganisha.

Kabla hatujagusa vifaa, tuelewane jambo moja. Mtoto anayemaliza kazi mapema hasaidiwi kwa kuongezewa maswali 20 ya aina ileile. Anajifunza tu kwamba kumaliza mapema kuna adhabu. Wala hasaidiwi kwa kurukishwa kwenye mada za mwaka ujao, maana mwaka huo ukifika atakaa akipiga miayo. Mchukulie jambo analolijua, kisha mlichimbe pamoja mpaka litoe kitu ambacho hakukitarajia. Kazi zote utakazoziona hapa kila mtoto anaweza kuzianza, na hata aliye mwepesi kuliko wote hazimalizi kwa dakika tano.

Vifaa kwa kila watoto wawili ni hivi: vihesabio 24 vilivyo bapa, kwa mfano vifuniko vya chupa, karatasi 4 za miraba ya sentimita 1, uzi wa sentimita 30, kadi tupu 20, penseli na kalamu ya rangi. Kipindi ni dakika 45: 5 za kueleza kazi, 25 za kufanya, 15 za mazungumzo. Hizo 15 za mwisho usiziibe hata kazi ikichelewa. Afadhali kazi ibaki nusu kuliko watoto waondoke bila kusema walichokiona.

Jumatatu: mistatili ya vihesabio.

Tazama mezani. Tuna vihesabio 12, na tunavipanga viwe mstatili usio na pengo. Safu 1 ya 12. Safu 2 za 6. Safu 3 za 4. Basi, hakuna mwingine, kwa kuwa tumekubaliana tangu mwanzo kwamba 3 kwa 4 na 4 kwa 3 ni mstatili mmoja uliogeuzwa. Amua hilo kabla ya kuanza na uliandike ubaoni, la sivyo nusu ya darasa itahesabu 3 na nusu nyingine 6.

Watoto watatafuta mistatili ya kila namba kuanzia 1 hadi 24, lakini si kila jozi ifanye zote. Gawa hivi: kundi la kwanza 1 hadi 3 pamoja na 22 hadi 24, la pili 4 hadi 6 na 19 hadi 21, la tatu 7 hadi 9 na 16 hadi 18, la nne 10 hadi 15. Hivyo hakuna anayepewa namba ndogo tupu. Usigawe kwa kurukaruka nne nne, yaani 1, 5, 9, 13, 17, 21, maana kundi hilo litapata witiri peke yake.

Majibu yakusanye ubaoni, kila namba na idadi ya mistatili yake. Sasa nyamaza, waache waangalie. Wataona namba zenye mstatili mmoja tu, tukiiacha 1 kwanza: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23. Mtoto mmoja atasema, "Ni witiri zote." Mwulize kuhusu 2. Kisha mwulize kuhusu 9, 15 na 21, ambazo ni witiri lakini zina mistatili miwili.

Mtego wa siku ni namba 1. Nayo ina mstatili mmoja, kwa hiyo watoto wataiingiza katika namba tasa. Usiwaambie tu kwamba haimo. Waambie wahesabu vigawo badala ya mistatili: 7 ina viwili, 1 na 7, namba 1 ina kimoja. Namba tasa ni ile yenye vigawo viwili kamili. Wakishaanza kuhesabu vigawo, swali jingine linajileta lenyewe: kwa nini 1, 4, 9 na 16 zina vigawo vya idadi ya witiri? Wapange hizo namba kwa vihesabio, watakuta kila moja inatengeneza mraba. Katika mraba kigawo kimoja kinajizidisha chenyewe, hakina mwenzake.

Jumanne: kwa nini "somea" lakini "katia"?

Hili ndilo somo tunalolipenda kuliko yote ya wiki, kwa sababu watoto wanagundua kanuni wanayoitumia kila siku bila kujua kwamba wanaijua.

Andika vitenzi hivi, kila kimoja kwenye kadi yake: kata, lima, funga, cheza, soma, andika, choma, imba, ruka, sema. Kila jozi ivitie katika kauli ya kutendea: katia, limia, fungia, chezea, somea, andikia, chomea, imbia, rukia, semea. Anayesita atunge sentensi kwanza: "Ninamsomea mdogo wangu hadithi." Sikio litamwambia.

Sasa wazigawe kadi mafungu mawili: zinazoishia na -ia upande huu, zinazoishia na -ea upande ule. Simamisha video hapa, jaribu wewe mwenyewe.

Fungu la -ea lina cheza, soma, choma, sema. Uliza: kitu gani kinazikusanya hizi nne? Dhana ya kwanza utakayoisikia karibu kila mara ni herufi m: soma, choma, sema. Ndiyo sababu tumeweka lima. Lima ina m pia, lakini inakuwa limia. Mwingine atasema kitenzi kinachoanza na irabu kinachukua -ia, kama andika na imba. Mwonyeshe kata: haianzi na irabu, lakini inakuwa katia. Usimkatize mtoto kabla hajaisema dhana yake yote. Kuipima na kuivunja kwa mfano ndiyo kazi yenyewe.

Baada ya dakika kumi hivi, mtu ataona irabu ya ndani. Ikiwa e au o, kitenzi kinachukua -ea. Ikiwa a, i au u, kinachukua -ia. Watakapofurahi, toa kadi ya 11: geuza. Ina e, lakini ni geuzia. Kanuni imevunjika? Haijavunjika, ila haijasemwa vizuri. Inayoamua ni irabu iliyo karibu na mwisho, ile inayotangulia silabi ya mwisho. Katika geuza, hiyo ni u. Waandike kanuni upya kwa maneno yao.

Wanaotaka zaidi wape fungua, ondoa, pokea, kimbia. Zinakuwa fungulia, ondolea, pokelea, kimbilia. L imetoka wapi? Zamani ilikuwamo kati ya irabu hizo mbili, ikadondoka katika kitenzi cha kawaida. Kauli ya kutendea inairudisha mahali pake. Waangalie tena: baada ya l, uchaguzi kati ya -ia na -ea unafuata kanuni ileile.

Tahadhari moja. Ukitaka kuendelea na kauli ya kutendesha, somesha, chezesha, katisha na limisha zitakutii. Lala na ona ziache kando kwa leo: zinakuwa laza na onyesha, nazo zitawavuruga kabla kanuni haijakaa.

Jumatano: uzi mmoja, maeneo mengi.

Pima sentimita 24 kwenye uzi na utie alama ya kalamu kila upande. Funga fundo pale alama zinapokutana, kisha ukate mabaki. Ukikata kwanza ndipo ufunge, fundo litakula sentimita moja au mbili na vipimo vyote vitakataa. Uzi unaovutika haufai.

Kwa kitanzi hicho, juu ya karatasi ya miraba, watoto watengeneze mistatili yote ambayo pande zake ni namba kamili, wachore kila mmoja na kuandika eneo lake. Majibu ni haya: 1 kwa 11, eneo 11, 2 kwa 10, eneo 20, kisha 27, 32, 35, na 6 kwa 6 inatoa 36. Mzingo haujabadilika hata mara moja.

Utakutana na mtoto anayesema mzingo wa mraba wa 6 kwa 6 ni 20. Amehesabu miraba midogo iliyo pembezoni badala ya kingo zake. Mraba wa kwenye pembe una kingo mbili za nje, yeye ameuhesabu mara moja, na pembe ziko nne, kwa hiyo amepungukiwa 4. Mpe kalamu ya rangi apake kila ukingo huku akihesabu kwa sauti.

Kisha waandike tofauti kati ya eneo moja na linalofuata: 9, 7, 5, 3, 1. Waache washangae. Na kwa aliyemaliza: kata mraba mmoja wa kwenye pembe kutoka 6 kwa 6. Eneo limekuwa 35. Mzingo je? Wengi watakisia umepungua. Hesabu kingo: bado ni 24, kwa kuwa kingo mbili zimeondoka na mbili mpya zimefunguka.

Alhamisi: kupunguza maneno bila kupunguza maana.

Andika ubaoni sentensi hii ya maneno 30:

"Wakati ambapo mvua ilianza kunyesha, watoto ambao walikuwa wanacheza nje walikimbia kwa haraka sana wakaingia ndani ya nyumba, lakini mtoto mmoja ambaye alikuwa mdogo kuliko wote alibaki nje akiitazama mvua."

Kazi ya kwanza ni kuifikisha maneno 20. Onyesha njia moja tu: "watoto ambao walikuwa" ni maneno matatu, "watoto waliokuwa" ni mawili. Mengine wayatafute. Mojawapo ya majibu mazuri:

"Mvua ilipoanza kunyesha, watoto waliokuwa wakicheza nje walikimbilia ndani ya nyumba, lakini mtoto mdogo kuliko wote alibaki nje akiitazama mvua."

Umeiona "walikimbilia"? Kauli ya Jumanne imefanya kazi ya maneno kadhaa.

Kazi ya pili: maneno 12. Hapa kila neno linalotoka linauma. Mtoto ataandika: "Mvua iliponyesha, watoto waliokuwa wakicheza walikimbilia ndani; mdogo wao alibaki nje akiitazama." Idadi ni sahihi, lakini msomaji ataelewa kwamba aliyebaki ni ndugu yao mdogo. "Mdogo kabisa" inaponya hilo bila kuongeza neno. Tena, "iliponyesha" imepoteza mwanzo wa mvua. Je, hasara hiyo inakubalika? Wabishane. Anayeikataa aonyeshe neno gani angelitoa ili "ilipoanza kunyesha" irudi.

Ijumaa: kutunga maswali.

Kila mtoto atunge swali moja la hisabati kwa maneno yasiyozidi 30, kutokana na kazi ya Jumatatu au Jumatano, alitatue mwenyewe nyuma ya kadi, kisha ampe mwenzake. Anza kwa mifano miwili.

Wa kwanza: "Asha ana vihesabio 15, ambavyo ni 6 zaidi ya vya Juma. Juma ana vingapi?" Wengi watajibu 21, kwa kuwa wameliona neno "zaidi" wakajumlisha. Jibu ni 9. Mwambie mtoto achore mistari miwili, wa Asha na wa Juma, halafu aulize nani ana vingi.

Wa pili: "Mimi ni namba ndogo kuliko 24. Nina vigawo vitatu tu. Ukiniongeza 1 ninakuwa shufwa." Jibu ni 9. Futa sentensi ya mwisho, na 4 nayo inafaa. Hicho ndicho kipimo cha kila kadi: msomaji ajaribu kupata jibu la pili. Akilipata, kadi inarudi kwa mtunzi aongeze kidokezo, na akishindwa hata kupata la kwanza, wakae pamoja watafute neno lililopotosha.

Kadi ambazo hazijapona mpaka kengele inalia ziweke kwenye bahasha. Jumatatu ijayo, kabla ya somo, toa moja na uibandike ubaoni.