Walioitwa Wasomaji: Imani, Mila na Vitabu

Mwenyekiti, wazee wa kanisa, mashemasi, na nyinyi vijana mlioacha shughuli zenu za Jumamosi ili kuja hapa, nawasalimu katika jina la Bwana.

Nyanya yangu alipoulizwa dini yake hakusema kwamba ni Mkristo, wala hakusema kwamba ni Mpresbiteri. Alisema yeye ni muthomi, yaani msomaji. Ndivyo Wakikuyu walivyowaita waumini wa kwanza wa misheni ya Waskoti, ile iliyoanza Kibwezi mwaka 1891 na kuhamia Thogoto mwaka 1898, na Waganda nao waliwaita Wakristo wao kwa jina lenye maana hiyo hiyo. Jirani aliyemtazama muumini mpya hakuona kwanza msalaba wala kanzu; aliona mtu aliyeinamia kitabu.

Mimi ni mhafidhina, na sioni haya kulikiri hilo. Naamini kwamba Maandiko ni Neno la Mungu lisilokosea, na kwamba yana haki ya kuzihukumu mila zangu, ladha zangu na serikali yangu. Lakini Ungamo la Westminster, lililotungwa karne ya 17 na ambalo sisi wachungaji wa mapokeo haya hulishika, linasema katika sura yake ya kwanza kwamba, kwa kuwa si watu wote wanaojua Kiebrania na Kigiriki, Maandiko yanapaswa kutafsiriwa katika lugha ya kila taifa yanakofika, ili Neno likae kwa wingi ndani ya wote. Fikirini uzito wa sentensi hiyo. Ukishampa mtu Neno katika lugha ya mama yake, umempa pia uwezo wa kukujibu kwa Neno hilo hilo.

Hilo ndilo lililotokea hapa kwetu mwaka 1929, na naomba nikae hapo kidogo, kwa sababu kidonda hicho bado hakijazungumzwa vya kutosha katika makanisa yetu.

Tangu mwaka 1906 misheni ilikuwa ikifundisha dhidi ya ukeketaji wa wasichana. Madaktari wake waliyaona madhara kwa macho yao, katika vyumba vya kujifungulia. Mwaka 1929 viongozi wa misheni, Dkt. John Arthur akiwa mbele, waliwataka waumini waweke ahadi ya kuukataa ukeketaji, na pia chama cha siasa kilichoutetea. Wasiojua kutia sahihi walitia alama ya dole gumba, na ahadi yenyewe ikaitwa kirore, yaani alama hiyo ya dole. Katika miezi michache makanisa na madarasa yakawa matupu. Nyimbo za muthirigu za kuwakejeli wamisionari zikaimbwa vijijini hadi serikali ya kikoloni ikazipiga marufuku.

Walioondoka hawakuitupa Biblia. Waliondoka nayo. Agano Jipya la Kikikuyu lilikuwa limetoka mwaka 1926, na ndani yake Mariamu, mama wa Bwana, aliitwa muiritu. Kwa Mkikuyu wa wakati ule muiritu hakuwa msichana yeyote asiyeolewa: alikuwa msichana aliyekwisha kupitia tohara yake. Asiyepitia aliitwa kirigu, na hilo lilikuwa tusi. Mfasiri angefanya nini? Asingeweza kumwita mama wa Mwokozi kwa neno la matusi. Basi msomaji wa kijijini akafungua Luka, akasoma muiritu, akauliza kwa unyofu kabisa: ikiwa Mariamu mwenyewe alitahiriwa, kwa nini binti yangu azuiwe?

Swali hilo lilistahili jibu la mwalimu. Lilistahili mtu wa kuketi naye, kumweleza neno la Kigiriki lina maana gani, na kumwonyesha kwamba Maandiko hufasiriwa kwa Maandiko. Badala yake akaletewa karatasi na wino wa dole gumba. Sisemi kwamba misheni ilikosea kuhusu ukeketaji wenyewe. Ilikuwa sahihi, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inayoukataza naiunga mkono kwa moyo wote. Nasema kwamba kanisa lililowafundisha watu kusoma liliogopa usomaji wao, na kwamba wazee waliochanganya amri ya Mungu na desturi za Uskoti katika kiapo kimoja waliwafanya watu waaminifu wazikatae zote mbili kwa pamoja. Waliotoka wakajenga shule zao wenyewe, na mwaka 1939 wakafungua chuo cha walimu Githunguri. Kiu yao ya kitabu ilikuwa ile ile.

Leo hofu hiyo imerudi kwa sura nyingine. Mzazi mmoja aliniuliza kama ni dhambi mwanawe, aliyemaliza darasa la kipaimara, kusoma vitabu vya waandishi wasio Wakristo. Nilimkumbusha kwamba Mtume Paulo aliwanukuu washairi wa Kigiriki pale Athene, na kwamba kitabu cha kwanza cha John Calvin, mwanamageuzi ambaye mapokeo yetu yanatokana naye, mwaka 1532, kilikuwa maelezo juu ya maandishi ya Seneca, Mrumi asiyemjua Kristo. Baadaye Calvin alifundisha kwamba tukiidharau kweli popote inapoonekana, tunamdharau Roho aliyeitoa. Teolojia yetu inaiita neema ya Mungu kwa wote. Kwa neema hiyo namsoma Mwana Kupona akimuusia bintiye katika utenzi wake, na namsoma Shaaban Robert. Wote wawili walikuwa Waislamu, na tofauti yetu juu ya Kristo ni kubwa. Siifichi wala siipunguzi.

Basi nina ombi kwa baraza la wazee. Kuanzia Jumatano ijayo, baada ya sala ya jioni, tusome pamoja Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert. Wengi wenu mliisoma shuleni kwa ajili ya mtihani na mkaisahau. Karama anashtakiwa mbele ya baraza na waziri Majivuno, na baraza lile, pamoja na ubaya wake wote, linampa siku sita za kujitetea kwa hoja. Sisi wa mwaka 1929 hatukumpa msomaji wetu hata siku moja. Napendekeza vijana wasome maneno ya Karama kwa sauti, na sisi wazee tuketi upande wa baraza, tusikilize hadi siku ya sita. Nina nakala tatu nyumbani, nitakuja nazo.