Umenipiga picha mimi au umepiga mtandio?

Assalaam aleikum, na shikamoo wakubwa wote mnaonitazama. Mnaniona? Ngoja nisogee kidogo... hapo. Nimekaa ubavuni mwa dirisha makusudi, mtaelewa mbele. Hapa Glasgow, Uskoti, ni saa 10 kasorobo, jua ndiyo linazama. Nyie huko Tanga ni saa 1 kasorobo, Magharibi mmeshaswali. Yaani mwezi huu wa Desemba mimi na nyie tunachwewa karibu pamoja, tunapishana dakika kumi na kitu tu. Siku nilipoligundua hilo nikampigia mama simu palepale. Akaniambia, "Haya mwanangu. Na ndicho ulichokwenda kusomea?"

Ndicho hasa, mama. Huu mwaka wangu wa pili nasomea upigaji picha, na ukiniuliza nimesomeshwa nini nitakwambia jua.

Leo nataka nimjibu binamu yangu wa Chumbageni. Tangu Idi ananiandikia swali moja: dada, ninunue kamera gani? Mdogo wangu, usinunue kwanza. Kaa nikusimulie aibu iliyonipata kwa Bibi.

Nilikuja likizo mwezi wa 7, kamera shingoni, nimejaa sifa. Nikafika nyumbani Ngamiani, watu wameshakula, Bibi kakaa zake barazani, saa 7 hivi mchana. Alikuwa amejitanda mtandio mweupe, ule wa pamba mwepesi anaouvalia Ijumaa. Nikasema Bibi hapohapo usisogee. Nikaiacha kamera kwenye otomatiki, tena nikapiga kwa madaha, nimepinda goti kama wale wa harusini. Bibi akavaa miwani, akaishika kamera mbali na uso kama anavyoshika karatasi ya dawa, akaitazama weee. Kisha akaniuliza taratibu, "Mjukuu wangu, hapa umenipiga picha mimi au umepiga picha mtandio?"

Mjomba alipaliwa na chai.

Na Bibi alikuwa na haki. Mtandio ulionekana mpaka uzi uliochomoka pembeni. Uso ulikuwa shimo. Bibi yangu, ambaye ukikaa naye saa nzima hukumaliza kuusoma uso wake, pale alikuwa giza lenye umbo la kichwa.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penye ufundi wenyewe. Kamera haijui watu. Ndani yake kuna mita ya mwanga, na hiyo mita imefundishwa kuamini jambo moja tu: kwamba kila kilicho mbele yake, ukikikoroga chote kama uji, kinatoka kijivu. Kijivu cha katikati, kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaokipiga. Basi ikiona mtandio mweupe umejaa kwenye fremu na jua la saa 7 juu yake, inasema lo, mwanga umezidi, inaubana. Ule mweupe unashushwa kuelekea kijivu, na uso uliokuwa kivulini unashuka nao, unazama. Mpige Bibi huyohuyo amevaa buibui chumbani, kinyume chake: kamera inaona weusi mtupu, inasema mwanga hautoshi, inaongeza, na Bibi anatoka kama kapakwa unga.

Kamera zina kitufe cha kuongeza na kupunguza mwanga, kimeandikwa alama ya kujumlisha na kutoa. Kuongeza stopu moja ni kuingiza mwanga mara mbili ya ule wa mwanzo, kupunguza stopu moja ni kuugawa nusu. Kwa mtandio mweupe ulitakiwa uongeze moja, hata moja na nusu. Ukiisogeza mita yako ipime uso peke yake, tena uso wa weusi wetu huu, unapunguza kama moja, maana ngozi yetu haikai kwenye kile kijivu chao, inakaa chini yake. Wewe mwenye simu mambo ni mepesi zaidi: gusa uso wa mtu kwenye kioo, kialama cha jua kitajitokeza pembeni, kiburute juu au chini mpaka umwone mtu wako. Hujatoa hata shilingi.

Mnaikumbuka albamu ya harusi ya mama? Kila nyumba ninayoijua Tanga inayo moja. Bibi harusi gauni linameremeta, wapambe wamebaki meno na maua. Tumekua tukimlaumu mpiga picha, eti alikuwa mlevi. Mimi mwenyewe nilimlaumu. Kumbe masikini wa Mungu kosa halikuwa lote lake. Zile filamu za rangi zilipokwenda kusafishwa, mashine za kuchapia zilikuwa zinarekebishwa kwa kadi ya mfano iliyotoka kampuni ya filamu ya Kodak, yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Mafundi waliziita kadi za Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa kampuni aliyepigwa picha mwanzoni. Rangi ya Shirley ikikaa sawa, mashine iko sawa, chapa twende. Filamu yenyewe ilikuwa inaona vizuri weupe kuliko kahawia. Na mnajua waliolalamika wakasikilizwa ni nani? Wenye chokoleti na wenye samani za mbao, kwamba bidhaa zao hazitofautiani kwenye matangazo. Kadi zenye nyuso za rangi mbalimbali zilikuja kuenea miaka ya 1990. Kabati lilitutangulia.

Nilipoyasikia hayo darasani niliona haya kwa ajili ya yule baba wa albamu yetu. Siku hizi anauza vipuri vya baiskeli. Nilimpelekea salamu, sikumwambia kwa nini.

Huku nako nimepata yangu. Muhula wa kwanza tulikatazwa otomatiki kabisa. Kila mtu alipewa kamera ya zamani ya filamu, nyeusi na nyeupe, picha 36, shata (muda wa kuachia mwanga uingie) unaweka mwenyewe, apacha (upana wa tundu la mwanga) unaweka mwenyewe, fokasi unazungusha kwa mkono. Nikazunguka na baridi ile, vidole vimekufa ganzi, nikapiga zote 36 kwa makini kama natunga mtihani. Kumbe ncha ya filamu haikukamata kwenye kigurudumu, haikuwa inatembea. Nimepiga hewa. Mwalimu alinionyesha alama moja tu: ukivuta wenzo wa kusogeza filamu, kile kifundo cha kurudishia upande wa kushoto lazima nacho kizunguke. Kisipozunguka, unajipigia stori. Hiyo siisahau mpaka naingia kaburini.

Halafu kuna hili la jua, ndilo lililonikalisha dirishani. Hapa Desemba saa 6 mchana jua halipandi. Liko kama nyuzi 11 juu ya upeo, basi. Kwa hesabu ya nyumbani, jua la adhuhuri la Glasgow ni lile la saa 12 kasorobo jioni pale ufukweni Raskazone, Tanga, wakati vijana wanaanza kupiga picha za posa. Kwa hiyo huku, mawingu yakikuhurumia (na hayakuhurumii), mchana mzima una mwanga wa jioni, unaingia ubavuni, unalaza vivuli virefu. Kwetu jua halina subira, linapanda wima, linashuka wima. Ule mwanga mzuri unapewa kama dakika sitini asubuhi na dakika sitini jioni. Saa 7 mchana liko utosini, macho ya mtu yanakuwa mashimo mawili. Na mimi nikamkalisha Bibi saa 7 mchana! Nimetoka kusomea jua Ulaya nikasahau jua la kwetu.

Nikae kidogo kwenye hili jingine. Siku moja tulipelekwa Edinburgh kutazama picha za kale. Kuna mabwana wawili, David Octavius Hill, mchoraji, na Robert Adamson, kijana aliyejua kemia ya picha. Walianza kazi pamoja mwaka 1843, enzi ambazo picha ilikuwa kitu kipya kabisa duniani, hasi yenyewe, ile ya kuchapia picha, ni karatasi. Walikwenda kijiji cha wavuvi, Newhaven, wakawapiga watu wa pale. Umeme hakuna, ni jua tu, na kamera inaachwa wazi muda mrefu mno, mtu anatakiwa atulie sekunde nyingi asitikisike. Ndiyo maana wameegemeana, huyu kamlalia mwenzake begani, yule kashika ukuta. Wanawake wana matenga ya samaki mgongoni, mkanda umepita kwenye paji la uso. Matenga, jamani! Nilisimama mbele ya picha moja nikasikia kabisa harufu ya soko letu la samaki la Deep Sea asubuhi, ngalawa zikirudi, kina mama wanagombea bei. Adamson alifariki mwaka 1848, ana miaka 26. Nyuso alizoziacha zinakutazama mpaka leo.

Nikajiuliza: wale wa Newhaven wana nyuso tangu miaka ya 1840, mama yangu ameolewa juzi tu hana.

Basi turudi Ngamiani. Kesho yake sikumweka Bibi barazani. Nilimkalisha kwenye kigoda ndani ya mlango mkubwa, hatua moja toka kizingiti, uso kauelekeza nje, jua lenyewe halimfikii ila mwanga wa mtaa unamwingilia taratibu. Ilikuwa saa 3 asubuhi. Upande mmoja wa uso ukawa mzuri, wa pili ukabaki mzito, nikamwambia mdogo wangu lete kitu cheupe cha kurudishia mwanga. Akakimbia jikoni akaja na sinia la pilau.

Nawaambia msijaribu. Sinia linarudisha mwanga mkali kama kioo, doa likawa linacheza juu ya shavu la Bibi, mwenyewe kafumba macho anasema mnataka kunipofua nyie. Tukatoa shuka nyeupe kitandani, mdogo wangu akaishika ubavuni kwa Bibi kama anaanika, na ule upande mzito ukafunguka polepole. Nikapima uso, nikapunguza stopu moja, nikasubiri. Kusubiri ndiyo kazi ngumu, maana Bibi akijua anapigwa picha anakaza mdomo kama yuko uhamiaji. Akapita jirani na baiskeli, akamsalimia, Bibi akaitikia, na hapo nikabonyeza.

Kwenye picha ile mna wanja wa jana uliobaki pembeni ya jicho, mna mistari ya shavuni inayokutana na kukimbiana, na puani mna tundu dogo la kipini. Miaka yote nimelala kitanda kimoja na Bibi, sikuwahi kujua kama alitoga pua.

Akaitazama. Hakusema nzuri wala mbaya. Akainuka, akaingia chumbani, akatoka na fremu ya Babu. "Basi na huyu mtoe."

Babu alifariki kabla sijazaliwa. Picha yake ni moja, ya studio, nyeusi na nyeupe, kanzu, koti, kofia ya kiua, na katikati ya kofia na kanzu hamna mtu. Mimi nimekua nikimjua babu yangu kama nguo. Studio ilishafungwa zamani, hasi hazipo. Nilifungua mdomo nimwambie Bibi haiwezekani.

Ila kuna jambo la chumba cha giza lilinijia. Tukichapa picha nzito, mwalimu hatuachii tuihukumu pale ndani, anatupeleka chini ya taa kali, maana weusi wa karatasi una mambo ndani yake, ila macho hayayaoni mpaka mwanga uwe mwingi. Na ile picha ya Babu miaka yote ilining'inia chumbani, ukuta usio na dirisha. Nikaitoa kwenye fremu. Karatasi haikuwa imegandana na kioo, na kama ingegandana nisingethubutu kuigusa. Tukaenda nayo uani, jua la saa 4, nikaiinamisha huku na huku mpaka ule mng'aro ukaondoka juu yake.

Kwanza likaja sikio. Halafu nyusi. Halafu jicho moja, dogo, limekaza kama la mjomba.

Bibi alikuja karibu mpaka mtandio wake ukawa unanigusa mkono. Akaweka kidole juu ya nyusi ya kulia, bila kugusa karatasi. "Kovu lake," akasema. "Foromali ya jahazi ilimpiga, hata hajanioa. Nilishalisahau."

Nilitaka kuirudisha ndani upesi, picha ya kale huichomi na jua hivyo, akanishika mkono. Ngoja kwanza. Tukangoja.

Sasa haipo chumbani tena. Ipo ukumbini, mkabala na mlango, jua lenyewe haliifikii. Mama anasema ikifika saa 4 Bibi anaufungua ule mlango mbao zote mbili, na ukiurudishia kwa sababu ya vumbi anakugombeza.

Haya, tazameni dirisha langu. Limeshakuwa jeusi, na mimi kwenye kioo cha kamera hapa nimebaki meno, kama wapambe wa mama. Ningewasha taa tuendelee, lakini nataka nimpigie Bibi kabla hajaingia kuswali Isha.