Nungu mdogo wa mwambani na samaki anayemla

Assalaam alaykum, wazee wangu, mama zangu na vijana wa Jambiani.

Ukitaja nungu wa bahari, wengi wetu tunamfikiria yule mweusi wa miiba mirefu, anayetuchoma maji yakipwa. Leo nataka tumtazame mwingine, mdogo, anayejichimbia mwambani. Wataalamu wanamwita Echinometra mathaei, jina alilopewa na Mfaransa Blainville mwaka 1825. Gamba lake ni kama sentimita 5 tu, miiba yake mifupi, na kwenye shina la kila mwiba pana kiduara cheupe.

Mdomo wake uko chini, una meno matano yanayoota kadiri yanavyolika. Anakula mwani ulioganda juu ya jiwe, lakini anapoukwangua huondoka na jiwe lenyewe. Ndivyo anavyochimba shimo lake, tena hulilinda: mwenzake akiingia, husukumana naye mpaka mmoja atoke.

Wakiwa wachache hawana neno. Wakijaa, mwamba huliwa upesi kuliko matumbawe yanavyoujenga, na mwamba huo ndio unaovunja mawimbi kabla hayajafika pwani yetu.

Sasa, kwa nini wajae? Hapa naomba mnisikilize sana. Adui wake mkubwa ni samaki aitwaye kikande, hasa yule mwenye mistari ya rangi ya chungwa. Ana meno magumu na subira ya kumtoa nungu shimoni. Mtafiti wa matumbawe Timothy McClanahan na wenzake walilinganisha miamba ya Kenya: katika hifadhi za zamani kama Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, nungu ni wachache, penye uvuvi mwingi wamejaa tele. Kikande huingia kwenye dema, mtego wetu wa samaki, kwa urahisi, na akishakwisha huchukua miaka mingi kurudi.

Najua kijana mmoja ataniuliza: kwa nini tusiwaponde tu? Hilo nalo lilijaribiwa huko huko Kenya. Watafiti waliwaondoa nungu kwenye mwamba uliovuliwa sana, mwani ukaota ukafunika mahali pale, kwa sababu pono na samaki wengine wanaoula walikuwa wamebaki wachache. Kwa hiyo ombi langu kwenu wenye madema: mkimkuta kikande yu hai, mrudisheni majini, na pono wadogo pia.