Waridi la Jangwani, Kuanzia Mbegu

Kabla sijasema mengi, tazameni hili ganda mkononi mwangu. Ni pacha: mawili yameungana kwenye kikonyo, kisha yakaachana kama pembe za ng'ombe. Nimelifunga uzi, na si kwa urembo. Ganda la waridi la jangwani likikauka hupasuka lenyewe, na kila mbegu ina kishungi cha nywele laini kwenye ncha zote mbili. Upepo ukipita, kwisha habari yako. Mbegu utaziokota kwa jirani.

Dada pale nyuma aliniuliza mlangoni: ya nini kuhangaika na mbegu, na tawi ukilichomeka linashika? Kushika linashika. Lakini mmea huu tunaupendea shina lake, lile lililovimba chini kama mtungi, unamowekea akiba ya maji ya kiangazi. Mche wa mbegu huanza kunenepa ungali na majani machache. Wa tawi mara nyingi hukaa miaka bila kitambi. Forsskål, mtaalamu wa mimea aliyefia Yemen mwaka 1763, aliuandika, na jina lililochapishwa 1775 lina neno obesum, yaani mnene. Unene ndio sifa yake.

Haya, kupanda. Tumia mbegu mpya, maana zikikaa sana hazioti. Zilaze kwenye mchanga wa chembe kubwa wenye mboji kidogo, uzifunike kiasi cha kutoonekana tu. Chombo kiwe na matundu. Pakiwa na joto, wiki moja hivi zinachomoza.

Hapo ndipo tunapoua. Sinia langu la kwanza nilikuwa nalimwagilia asubuhi na jioni, kwa mapenzi. Miche ikalala. Niliubonyeza mmoja shingoni, ukabonyea kama sponji iliyolowa. Mmea mkubwa hustahimili ukame, mche bado hauna akiba. Kwa hiyo usiuache ukauke kabisa, lakini usiuogeshe. Chomeka kidole mchangani hadi pingili ya kwanza. Kikitoka kikavu, mwagilia. Kikitoka na unyevu, nenda kafanye kazi nyingine.

Jambo moja zito: utomvu wake ni sumu, wawindaji wameupaka kwenye mishale. Ukikata au kupandikiza, nawa mikono kabla ya kugusa macho, na watoto na mbuzi wakae mbali.

Ganda nalizungusha sasa, lishikeni. Ila uzi msiufungue, feni inazunguka.