Matetemeko Madogo Ndiyo Yanayouchora Ufa

Mwangaluka, ndugu zangu wa Mwanza.

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la kipimo cha 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera. Watu wasiopungua 17 walifariki, nyumba zikaanguka, na hata huku wengi waliihisi ardhi ikicheza. Leo nimekuja kuzungumzia yale ambayo hakuna anayeyahisi.

Ziwa letu limekaa kati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa: wa magharibi unaopita Tanganyika, na wa mashariki unaopita Manyara na Natron. Miamba ya katikati ni mikongwe na imara, lakini uimara huo usitulaze. Chanzo cha tetemeko la Kagera kilikuwa takriban kilomita 40 chini ya ardhi. Ufa wa kina hicho, yaani mpasuko ambao miamba huteleza juu yake, huuoni hata ukizunguka wilaya nzima kwa miguu.

Tutaujuaje basi? Kwa kawaida, kipimo kikishuka kwa 1, idadi ya matetemeko huongezeka karibu mara 10. Penye tetemeko moja la 5, tarajia kama 1,000 ya 2. Hayo wewe huyasikii, seismomita, chombo cha kupimia mitetemo ya ardhi, inayasikia. Kila moja likitiwa nukta kwenye ramani, nukta hujipanga na ufa ukajichora wenyewe. Siku ya tetemeko kubwa hazitutajii, ila zinatuonyesha pa kujenga kwa uangalifu zaidi, na mimi naona hilo si jambo dogo.

Umbali wa chanzo tunaupata kwa aina mbili za mawimbi ya tetemeko. Ya kwanza huwahi, ya pili huchelewa, na kila sekunde 1 ya kupishana ni kama kilomita 8. Vituo vitatu hutupa mahali. Kina ndicho kigumu: kinataka kituo kilicho karibu kabisa na chanzo, na vituo vikiwa mbalimbali yale madogo hupotea yote.

Seismomita hupenda mwamba ulioshikana na ardhi, si jiwe lililopakatwa juu ya jiwe jingine kama haya ya ufukweni. Haipendi malori, wala mashine za kukoboa, wala mawimbi ya ziwa. Baruti za migodi ya Geita nazo huandikwa, ila tunazitambua: baruti husukuma ardhi pande zote, ufa husukuma huku na kuvuta kule.

Mwenye mwamba wa namna hiyo shambani kwake, Sengerema au Misungwi, mbali na barabara, tuonane baada ya maswali, tuone kama seismomita inaweza kukaa hapo.