Ukuta wa Matiční: Waroma na Serikali za Mitaa za Ulaya

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi wa utawala wa serikali za mitaa mliokubali kukaa hadi saa hii ya jioni, asanteni.

Nimeombwa nizungumzie Waroma na maendeleo ya pale wanapoishi. Kwa asiyewafahamu, hawa si Warumi wa Biblia. Mababu zao walitoka kaskazini mwa Bara Hindi kama miaka elfu moja iliyopita, wakaenea Ulaya nzima, na leo wanakadiriwa kuwa kati ya milioni 10 na 12. Hawana nchi yao. Huko Wallachia na Moldavia, maeneo ambayo sehemu yake kubwa ni Romania ya leo, walikuwa watumwa kwa karne kadhaa, hadi 1855 na 1856. Chini ya Wanazi waliuawa laki kadhaa. Historia hiyo inastahili jioni yake yenyewe. Leo nataka tukae kwenye ofisi ya halmashauri, maana huko ndiko Mroma anakopata maji au anakoyakosa.

Twendeni Ústí nad Labem, mji wa viwanda kaskazini mwa Jamhuri ya Czech. Katika mtaa wa Matiční, upande mmoja kulikuwa na nyumba za kupanga za halmashauri, wakikaa Waroma. Upande wa pili zilikuwepo nyumba za watu binafsi, na wenye nyumba hizo wakalalamikia kelele na taka. Madiwani wa Neštěmice, sehemu ya mji ulimo mtaa huo, wakaona dawa ni ukuta. Tarehe 13 Oktoba 1999 ukajengwa, polisi wakilinda mafundi. Siku hiyohiyo Bunge mjini Prague likapinga. Madiwani wakashikilia kwamba ujenzi katika eneo lao ni mamlaka yao. Ukuta ukasimama wiki sita. Hadi unabomolewa, serikali kuu ilikuwa imeahidi koruna (fedha ya Czech) milioni 10, na sehemu ya fedha hizo ikatumika kuwanunulia nyumba zao majirani walewale waliolalamika.

Naomba mkae na kesi hii kidogo. Humu hamna dikteta. Wamo madiwani waliochaguliwa kihalali, wakiwasikiliza wapiga kura wao, yaani kile tunachowafundisha humu kila wiki kwamba ndio utawala bora. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema tupeleke tu madaraka karibu na wananchi, mengine yatajipa. Ukigatua madaraka unampa nguvu aliye wengi pale mahali. Asiye wengi anahitaji kitu kingine juu ya hapo: sheria inayombana diwani, na kiti chake mwenyewe kikaoni.

Ulaya haikukosa mipango. Mwaka 2005 nchi nane zilizindua mjini Sofia Muongo wa Kuwajumuisha Waroma: elimu, ajira, afya, makazi. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya ukaleta mfumo wake, na 2020 mwingine wa kufika 2030. Nyaraka nzuri, zimeandikwa na watu makini. Hata hivyo utafiti wa mwaka 2021 wa shirika la Umoja huo linaloshughulikia haki za msingi, katika nchi ulikofanyika, uliwakuta Waroma 80 katika kila 100 wakiwa hatarini kuwa maskini, na zaidi ya mmoja kati ya watano hana maji ya bomba ndani ya nyumba.

Kwa nini maji yasifike? Hapa nitakaa kidogo. Chukueni Slovakia. Katika sensa ya 2011, waliojitaja kuwa Waroma walikuwa 105,738. Miaka miwili baadaye ikatayarishwa atlasi ya jamii za Waroma, iliyohesabu makazi kwa makazi kwa makadirio ya wenyeji, na ikapata 402,741. Karibu mara nne! Wengine hujiona Waslovakia, na ni haki yao. Wengine hawapendi kabisa kuandikwa kwenye orodha ya kabila, na ukikumbuka orodha za namna hiyo zilifanya kazi gani miaka ya 1940 huwezi kuwalaumu. Lakini mpangaji wa bomba anatumia takwimu ipi?

Kisha kuna ardhi. Makazi mengi ya Waroma mashariki mwa Slovakia yamekaa juu ya ardhi ambayo si yao, na mara nyingine mwenyewe hajulikani, au warithi ni wengi waliotawanyika. Bila hati hakuna kibali cha ujenzi, na bila kibali nyumba haiungwi kihalali kwenye mtandao wa maji. Ukimuuliza meya atakwambia sheria haimruhusu. Anasema kweli! Mliowahi kufanya kazi kwenye makazi holela mnaujua mzunguko huu. Ila sheria hiyohiyo haimkatazi kuagiza upimaji, kutafuta warithi, kubadilishana viwanja, kukiingiza kitongoji kwenye ramani ya mipango miji. Kazi hiyo ni ya polepole, haina utepe wa kukata, na wapiga kura wake wengi hawaitaki. Hapo ndipo nia hupimwa.

Fedha za Ulaya zipo, lakini mara nyingi kijiji hulazimika kulipa kwanza kisha kirudishiwe, tena kiweke mchango wake na kiwe na mtu wa kuandika andiko la mradi. Kijiji chenye karani mmoja kitashindana vipi?

Wapo waliojaribu njia nyingine. Spišský Hrhov, kijiji cha Slovakia, chini ya meya Vladimír Ledecký, kilianzisha kampuni yake ya halmashauri na kuwaajiri Waroma wa palepale katika kazi za ujenzi. Ninachokipenda ni kwamba Mroma aliingia kwenye orodha ya mishahara, akatoka kwenye orodha ya wahitaji, na jirani yake akamwona akijenga njia anayoipita kila siku. Kinyume chake ni Cluj-Napoca, Romania, mji tajiri wenye vyuo vikuu. Desemba 2010, kwenye baridi kali, mji ulizihamisha familia za Kiroma zipatazo 76 kutoka mtaa wa Coastei, katikati ya mji, hadi Pata Rât, jirani na jalala. Baadaye mradi uliofadhiliwa kutoka Norway ukazipatia familia 35 za eneo hilo makazi ya maana. Hesabu hiyo fanyeni wenyewe.

Kuhusu kiti kikaoni, Slovenia ndiyo ya kusomwa. Sheria inazitaka halmashauri 20 ziwe na diwani wa Waroma, na Mroma aliyeandikishwa hupiga kura mbili: moja kama mkazi yeyote, nyingine ya kumchagua diwani huyo. Grosuplje, mojawapo ya halmashauri hizo, iligoma kwa miaka, mpaka sheria ikarekebishwa ili tume ya taifa iweze kuendesha uchaguzi wenyewe. Hiyo ndiyo sheria inayombana diwani. Mfumo una doa: unawahesabu Waroma wanaotambuliwa kuwa wenyeji wa asili, na waliohamia miji kama Ljubljana kutoka kusini mwa Yugoslavia ya zamani wako nje. Tena diwani mmoja kati ya wenzake wengi kikaoni hushindwa kura kila siku. Hata hivyo husoma bajeti kabla haijapitishwa, na mwenye bajeti mkononi huuliza maswali yanayoudhi. Mimi naridhika na hilo kama mwanzo.

La mwisho ni wahudumu wa afya wa jamii wa Romania. Ni wanawake wa Kiroma wanaofuatilia chanjo, kliniki za wajawazito na vitambulisho vya bima. Kazi hiyo ilianzishwa na asasi ya Kiroma, na mwaka 2002 Wizara ya Afya ikaitambua rasmi. Mwaka 2008 ikashushwa kwa halmashauri, na tangu hapo ajira ya mama huyo iko mikononi mwa meya na madiwani.

Kwa hiyo katika zoezi lenu, mtakapopewa bajeti ya mji mmoja wa huko, ruka dibaji. Tafuta mstari wa mshahara wa mama huyo mhudumu, uangalie unalipwa na nani, na kama ni kwa ruzuku, inaisha mwaka gani. Haya, tuanze maswali. Naona dada pale nyuma ameshanyoosha mkono.