Mwalimu Ngala na siku aliyovunja chama chake

Assalaam aleikum wazee wangu, mama zetu, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma. Hamjambo nyote.

Barabara ya Ronald Ngala twaipita kila siku, na mwenye jina tumemsahau. Jioni hii nimekuja kumsemea, hasa kwa ajili ya siku moja: tarehe 10 Novemba 1964.

Alikuwa Mgiriama, mzaliwa wa 1923. Alisoma Alliance, kisha Makerere, akarudi kufundisha. Hapa Mombasa aliongoza skuli ya Buxton. Mwaka 1957, Waafrika waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, Pwani ilimtuma yeye.

Mwaka 1960 kikazaliwa chama cha KADU, Kenya African Democratic Union: Ngala rais wa chama, Masinde Muliro naibu wake, Daniel arap Moi mwenyekiti. Kilikuwa chama cha makabila yaliyoogopa kumezwa na yale makubwa yaliyokuwa ndani ya KANU, chama pinzani, na dawa yao ilikuwa majimbo, yaani kila eneo lijiendeshee mambo yake. Kuna watu mpaka leo husema majimbo yalikuwa ukabila mtupu. Mimi sikubali, na sababu yangu ni ardhi.

Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye shamba katika ukanda wa maili kumi wa Pwani ajitokeze adai. Waliodai wakapata hati. Mmijikenda aliyekuwa akilima shamba la babuye, asijue habari ya karatasi, aliamka siku moja akaitwa skwota, mtu akaaye kwenye ardhi isiyo yake, na ardhi ikawa ya serikali. Basi Ngala aliposema ardhi ya Pwani isimamiwe na Wapwani, alikuwa akisema jambo lililokuwa ndani ya kila boma kutoka Kwale hadi Malindi. Na tusichanganye: wale wa Mwambao walitaka ukanda huu ujitenge na Kenya. Ngala aliwapinga. Yeye alitaka Pwani yenye sauti yake ndani ya Kenya moja.

Mwaka 1961 KANU ilishinda uchaguzi, lakini ikakataa kuunda serikali Kenyatta akiwa bado kizuizini. Ngala akaingia, akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali. Aliitwa kibaraka, na neno hilo lingali likinichoma kila nikilisikia, maana Kenyatta aliachiliwa Agosti mwaka huo huo, Ngala akiwa serikalini.

Katiba ya 1963 ilitupa majimbo saba na Seneti, na ilifungwa kwa kufuli zito: vifungu vikuu vya majimbo havikuweza kubadilishwa bila asilimia 90 ya kura za Seneti. Lakini KANU ilishinda uchaguzi wa Mei, na hazina ikawa Nairobi. Mabunge ya majimbo yakakosa fedha za kuendeshea kazi. Wabunge wa KADU wakaanza kuvuka kwenda KANU, mmoja baada ya mwingine. Serikali ikatishia kuitisha kura ya maoni ili ibadilishe katiba hiyo.

Ndipo ikafika hiyo Novemba 10. Ngala, Kiongozi wa Upinzani, akasimama Bungeni akatangaza kuwa KADU imevunjwa. Kufuli lile halikuvunjwa na mtu, lilifunguliwa kutoka ndani. Nampenda Ngala, lakini hapo nasema alikosea. Angengoja kura ya maoni. Pengine angeshindwa, lakini tungekuwa na hesabu ya kura zetu imeandikwa, na wajukuu wa wale maskwota wangekuwa na kitu cha kuonyesha.

Mwaka 1966, kule Limuru, alichaguliwa makamu wa rais wa KANU kwa upande wa Pwani, mmoja kati ya wanane. Akawa waziri. Desemba 1972 gari lake lilipata ajali karibu na Konza, katika barabara ya Nairobi kuja huku, na siku ya Krismasi akafariki.

Sasa namaliza na ombi. Kama kuna mzee hapa aliyehudhuria mikutano ya KADU, asiondoke. Vijana wana simu za kurekodi, na mimi nimeleta daftari.